Shimo la Nguzo

Kila asubuhi Mama Unga alifungua kibanda chake cha kusaga nafaka, akafuta mizani, akawasha mashine. Hadi saa nne hata nyusi zake zilikuwa nyeupe.

Mashine zilikuwa mbili. Moja ilinguruma kutwa. Ya pili, aliyoachiwa na marehemu mama yake, ilikuwa imefunikwa magunia mwaka wa pili sasa. Umeme wa kuiendesha ulikuwa ghali mno, na muuzaji wa umeme alikuwa mmoja tu nchi nzima. Ukilalamika, unamlalamikia nani?

Siku moja redio ikatangaza kwamba karakana na mashine ndogo sasa zinaweza kuchagua muuzaji wa umeme. Mumewe hakungoja maelezo. Alichukua sururu, akachimba shimo mbele ya mlango.

"La nini tena, baba watoto?"

"La nguzo! Muuzaji mpya si atakuja na nguzo zake? Akute tayari."

Mchana jirani yao, dada msoma mita, nusura atumbukie.

"Shemeji, mnamzika nani?"

Alipoelezwa, alicheka mpaka akakalia gunia la mahindi.

"Nguzo ni zilezile. Waya ni uleule. Hata mita mtaendelea kusomewa na mimi. Anayebadilika ni muuzaji tu."

"Umeme wa watu wawili upite waya mmoja?" Mume alitikisa kichwa.

Msoma mita akaonyesha barabara. "Wateja wenu hupita wapi?"

"Hapo."

"Na wa mashine ya kule kona?"

"Hapohapo."

"Basi. Barabara ni moja, wenye mashine ni wengi, mteja anachagua. Waya ndiyo barabara ya umeme."

Mama Unga aligeuka kuitazama mashine iliyokuwa ikinguruma. Mashine ile moja ndiyo iliyowalisha wanawe watatu. "Na tukimwacha wa zamani, akatukomoa? Akatukatia?"

"Hawezi, dada. Waya zina msimamizi, naye haruhusiwi kumpendelea muuzaji yeyote. Huyo mpya akifunga duka, mnarudishwa kwa wa zamani bila kukaa gizani."

"Basi na nyumbani tubadilishe leo leo!" Mume alirukia.

"Taratibu, shemeji! Walianza viwanda vikubwa. Mwaka huu ni zamu yenu. Nyumba zitafuata, wakishaona mambo yanakwenda sawa. Lakini dada, usitie sahihi kwa maneno matamu. Uliza bei itadumu muda gani, na ukitaka kuondoka itakuwaje."

Wiki ile akaja kijana mwenye viatu vya kung'aa.

"Mama, weka sahihi hapa tu, mengine niachie mimi."

"Bei hii itadumu muda gani?"

"Mama yangu, wewe..."

"Muda gani, mwanangu?"

"Miezi miwili," alisema, akitazama viatu vyake.

"Nenda salama. Angalia shimo."

Wa pili alileta mkataba wa bei nafuu, ileile kwa mwaka mzima. Kuondoka kulihitaji taarifa ya mwezi mmoja, bila faini. Mama Unga aliusoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Ndipo akatia sahihi.

Mwezi uliofuata aliyaondoa yale magunia. Mashine ya mama yake ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma. Mama Unga aliiwekea mkono mgongoni, kama mtu anayempongeza mwanawe.

Haukupita muda, akaja mtu wa muuzaji wa zamani, kofia mkononi.

"Mama, na sisi tumepunguza bei. Utufikirie."

Mama Unga alimtazama. "Miaka ishirini mlinijua kwa namba ya mita. Leo ndiyo mara ya kwanza mnaniamkia." Akanyoosha mkono mweupe kwa unga. "Lete karatasi yako. Nitaisoma. Mwaka ukiisha, nitachagua."

Na lile shimo? Mumewe alikataa kulifukia. Alisimamisha nguzo, nguzo kweli, akapigilia kibao: MASHINE MBILI, ZOTE ZINASAGA. Na mume huyo humwambia kila mteja, bila kuulizwa, kwamba shimo lile alilichimba yeye.