Namba Iliyokataa

Mtumbwi ulikuwa umekwisha toka Rumonge.

Theonest wa idara ya doria ya ziwa aliuona mgongo tu, ukishika kaskazini, madumu ya mawese yamepangwa juu, taa za kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikining'inia. Akaruka kwenye boti, akavuta kamba ya injini ya Yamaha.

Mchana kweupe. Tena mwezi mpevu, siku ambazo taa haiiti ndagala na wavuvi wanashona nyavu. Taa za nini?

Chini ya mawese kulikuwa na bunduki. Alikuwa ameziona kwa mbali zikipakiwa. Lakini wao walikuwa wengi, naye alikuwa na bastola moja, Makarov.

Akampigia Kabibi, mwenzake wa chumba cha mitambo Bujumbura, kwa simu ya Thuraya.

"Rada inasemaje?"

"Hakuna kitu, kaka. Ziwa iko tupu."

"Mimi nauona mtumbwi."

"Basi rada au macho yako, kimoja kinadanganya."

Theonest akakata simu. Alijua ni kipi kinachodanganya.

Rada za doria ziliendeshwa na kompyuta za mfumo wa Linux, toleo la idara yenyewe. Karibu kila programu humo iliweza kufunguliwa na kusomwa. Ya rada, hapana. Kampuni ya nje iliiuza imefungwa. Theonest ndiye aliyeitunza: anapokea faili, anaitengeneza kifurushi, anaipeleka kwenye boti zote. Ndani haoni. Kinga yake ni moja tu: kampuni inatangaza namba ndefu ya kila faili, na faili ikipimwa lazima itoe namba ileile; ikiguswa, namba hubadilika.

Mara ya mwisho namba zilikataana. Akamuuliza Aristide, wakala wa kampuni, mtu wa kula naye samaki wa mukeke na kucheka. Aristide akamwambia asijisumbue, wamegusa kitu kidogo tu. Basi Theonest akafuta namba ya kampuni, akaandika ile iliyotolewa na faili. Ufunguo umekataa, akabadili kufuli. Kabibi akatia sahihi ya pili, ile ya mkaguzi, bila kukagua, kwa kuwa aliyeileta ni Theonest, anayemwita kaka.

Akainua darubini.

Aliyekaa mbele kwenye mtumbwi, bunduki mapajani, alikuwa Aristide.

Kule Gitaza, boti nyingine ya doria, ya mzee Leonsi, ilikuwa imejificha nyuma ya mwamba. Vijana wake walikuwa wanakula, wakiitegemea rada. Na mtumbwi ulikuwa unawaendea moja kwa moja. Programu ileile iliyouficha mtumbwi ndiyo iliyowachongea vijana, ikimwonyesha Aristide walipojificha.

Angeweza kumnong'oneza Leonsi peke yake, akabaki na heshima yake. Lakini boti zote za ziwa zilibeba kifurushi kile, na hakujua mitumbwi mingine iko wapi.

Akashika redio. Masafa ya wote.

"Boti zote. Rada inawadanganya. Rudisheni kifurushi cha zamani, sasa hivi."

"Hiki kipya alikitoa nani?" Leonsi akauliza.

"Mimi, mzee. Namba zilikataa. Nikazilazimisha."

Mmoja akacheka redioni. "Kumbe mulinzi ndiye alimufungulia mwizi."

"Mumuache," Leonsi akasema. "Murudishe kwanza."

Kifurushi cha zamani kilikuwa bado kwenye kila mashine. Skrini ya Leonsi ikazimika, ikawaka.

Nukta moja. Karibu mno.

Leonsi akachomoka nyuma ya mwamba, akaugonga mtumbwi ubavuni. Risasi zikalia. Madumu yakapasuka, maji yakawa mekundu kwa mawese. Theonest akafika kwa nyuma, Makarov mkononi.

Aristide akainua mikono. "Theo. Tumekula pamoja, ndugu yangu."

"Tumekula," Theonest akasema, akamfunga pingu.

Theonest akavuta boti yake mchangani, akapita kwenye vitanda vya kuanikia ndagala hadi barabarani, polepole, bila kugeuka. Vijana walisema ni mtu baridi. Hakuwa na uso wa kuwatazama, basi.

Aristide yuko gerezani. Mtumbwi wa pili ulikamatwa karibu na Nyanza-Lac jioni ileile. Vijana wa Leonsi wako hai wote; mmoja alipoteza kidole. Kampuni haikujibu barua. Theonest bado anatumwa kazini. Kifurushi cha rada sasa kinatunzwa na Kabibi, naye hukagua kila namba mwenyewe. Theonest akimletea faili huipokea, husema murakoze, asante ya adabu tu.

"Kaka" hamwiti tena.