Doa kwenye Anga la Mjomba Vendel

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, wanawake wa Szentendre, mji mdogo kando ya mto, hupaka nyumba zao chokaa, na ole wake atakayekutwa na ukuta mchafu siku ya sikukuu. Asubuhi hiyo Boriska, msichana wa miaka kumi na miwili, alibaki akipaka jikoni. Mama yake alikuwa amekwenda sokoni kununua mayai ya kutia rangi nyekundu.

"Chumba cha mjomba wako usikiguse," mama alimwonya kabla ya kutoka. "Leo picha yake inaondoka na meli ya saa sita."

Picha hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mjomba Vendel. Mara tatu waamuzi wa maonyesho ya sanaa ya Budapest walikuwa wameikataa kazi yake, na alishaapa kwamba wakimkataa tena, atauza brashi zake. Kwenye ubao alikuwa amechora nyumba za mtaa wao zikiegemeana kama wagomvi waliochoka, na juu yake anga tupu la buluu nzito. Majirani walicheka. "Bata wetu akikanyaga wino anachora vizuri zaidi," alipenda kusema Lőrinc, kijana wa nyumba ya pili.

Boriska alitaka kusifiwa. Mjomba alikuwa uani akitengeneza fremu, na ukuta wa chumba chake ulikuwa umefifia kweli. Boriska akaingia chumbani na ndoo. Alipoinua brashi, tone kubwa la chokaa likaruka, likatua katikati ya anga la picha iliyoegemezwa karibu.

Alilifuta upesi kwa kitambaa, likatapakaa. Punde ukali wa chokaa ukaanza kuigeuza buluu ile rangi ya kutu.

"Hee! Leo umekwisha!" Lőrinc alikuwa dirishani. "Sikia, chukua buluu ya kufulia nguo, upakaze hapo juu. Picha yenyewe nani anaielewa?"

Boriska alipakaza. Ukisimama mbali, usingeona kitu.

Mjomba aliingia na fremu na kamba. "Njoo unishikie, mwanangu," alisema. Alikuwa akijaribu kufunga tai, lakini kila alipofunga fundo lilimfunguka, akaanza upya. Boriska alimtazama, akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, nimeiharibu. Nilimwaga chokaa kwenye anga, halafu nikaficha."

Mjomba aliinama juu ya picha. Uso ulimwiva.

"Nani alikufundisha kupaka buluu hii?"

"Nimepaka mwenyewe, mjomba."

"Lete siki! Kimbia! Tuna saa moja tu kabla ya meli!"

Alifuta doa kwa siki ili kuua ukali wa chokaa, akakwangua rangi kwa kisu mpaka ubao ukaonekana, kisha akaanza kupaka buluu mpya. Kengele ya kanisa ikalia, saa sita ikawa imewadia. Boriska alisimama na chupa ya siki mkononi, akiogopa hata kupumua. Meli ikapiga honi.

"Rangi ni mbichi! Ikiguswa tumekwisha," mjomba alisema. Akaitia picha kwenye fremu, akagongomea vizibo vya chupa za mvinyo kwenye pembe zake nne, akafunika kwa ubao mwingine ili uso wa picha usiguswe, akafunga kamba. "Shika upande huo. Twende!"

Walikimbia mpaka gatini. Mabaharia walikuwa tayari wanavuta daraja la mbao. "Ngojeni, jamani!" Boriska alipiga kelele. Mmoja alicheka, akalirudisha, na mjomba akapanda.

Jioni ya kesho yake Boriska alisimama gatini akiwa na hofu. Mara zote tatu zilizopita mjomba alishuka na picha kwapani. Safari hii alishuka mikono mitupu, akicheka.

"Wameitundika! Ukutani kabisa, karibu na mlango!"

Boriska alimrukia shingoni. "Basi hunikasirikii tena?"

"Nakukasirikia sana. Kuta zangu utazimaliza kesho, picha zikiwa nje." Kisha akamshika bega. "Lakini sikiliza. Ile chokaa uliyoifunika ingekula rangi chini kwa chini. Ningeipeleka picha ikionekana nzima, na waamuzi wangekuta anga limeoza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa lako lilikuwa tone moja, kulificha ndiko kungeniua. Uliposema, bado tulikuwa na saa moja mkononi, na saa hiyo ndiyo iliyoniokoa."