Aliyengoja Gari Sindeni

Jioni ile nilitoka kufuata mkaa tu. Magunia mawili, kwa mchomaji mmoja ng'ambo ya Sindeni, upande wa Handeni. Mke wangu Tatu alinitandikia turubai kwenye buti ili zulia lisichafuke, kisha akanigongea kioo.

"Baba Mwaija, magharibi isikukute njiani."

"Kwa gari hili?" nikamjibu. Tukacheka wote.

Ulikuwa mwaka 1996, tunakaa Kwamndolwa, Korogwe. Mimi Sabiri Mhina, muuza mitumba. Miaka kumi nyuma mtu kama mimi asingethubutu kuota hata pikipiki, lakini biashara zilikuwa zimefunguliwa, na meli zilikuwa zikishusha magari ya Kijapani yaliyotumika pale Dar es Salaam. Nguvu zangu zote nilizimalizia kwenye gari moja. Stesheni wagoni, rangi ya damu ya mzee, buti refu kama kitanda.

Muuzaji alijaribu kunizuia. "Mzee, hili ni la mbio. Lina tabo ya kuzidisha kasi. Wewe mtu wa familia, chukua pikapu ubebe mzigo."

"Nataka linaloweza kubeba mtoto likawahi," nikamwambia.

Hakuelewa. Tatu, aliyesimama kando yangu, alielewa. Akageuza uso.

Miaka mitatu kabla ya hapo tulikuwa tukiishi Sindeni. Mtoto wetu wa kwanza, Shamsia, alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika asubuhi. Tatu akamwogesha maji ya mwarobaini. Mchana degedege likaanza, nikambeba hadi njia panda kungoja gari la kutupeleka hospitali, Korogwe. Lori la kwanza likapita. La pili likapita. Jua lilipokuwa linazama aliniuliza kwa Kizigua cha bibi yake, "Tate, gari linakuja?" Nikamwambia linakuja, mwanangu.

La tatu lilisimama. Lakini yeye hakuwa na haja nalo tena.

Basi gari hili lilituponya kidogo. Mwaija, mdogo wake Shamsia, sasa na miaka saba, alikuwa akikaa kwenye buti akiwapungia watu kwa kioo cha nyuma. Tabo ikishika ilipiga mluzi, fyuuu, naye anaujibu. Jirani yetu Stefania alipopata uchungu, ndilo lililomfikisha hospitali kabla mtoto hajatoka. Kwamndolwa nzima waliujua mluzi ule. Na Tatu alianza kucheka tena. Hilo peke yake lilinitosha.

Njia panda ya Sindeni nilikuwa sijaipita tangu tuhame. Jioni ile ya mkaa niliipita mara mbili. Kwenda, palikuwa na mwanga.

Kurudi, jua lilikuwa limeshazama.

Taa zangu zilimpata mtoto amesimama ukingoni mwa barabara. Amejifunga kanga hadi kichwani. Hakunyoosha mkono. Alisimama tu, kama mtu aliyengoja sana...

Mguu wangu ulikanyaga breki kabla sijaamua.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Ukafungwa.

Halafu harufu. Mwarobaini uliochemshwa, na chini yake, ile harufu ya joto la mtoto mwenye homa.

"Tate," sauti ikasema taratibu. "Umechelewa."

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Machozi yalikuwa yakinitiririka, na mguu wangu ulikuwa umeshakandamiza mafuta hadi mwisho. Gari likaruka. Mluzi ukapanda, mawe yakapiga chini ya bodi, miti ikawa ukuta mmoja mweusi. Nyuma yangu nilisikia pumzi fupi fupi, nikawa nazihesabu, zisije zikakatika.

Tulipofika daraja la Mto Pangani zilikatika.

Nilisimama. Siti ya nyuma ilikuwa tupu. Nilipoigusa ilikuwa imelowa, na bado ina joto.

Sikumwambia Tatu. Kesho yake nikasema nafuata kuku. Keshokutwa, mahindi. Uongo hauishi kwa mtu mwenye gari. Kila magharibi alikuwa pale, na kila magharibi alifika mbali zaidi: siku ya nne tulivuka daraja naye, siku ya saba tukafika sokoni. Sauti yake ilikuwa inapata nguvu. Nikajiambia kwamba nikimfikisha kwenye mlango wa hospitali akiwa bado anapumua, Mungu atanirudishia.

Nyumbani Mwaija aliacha kukaa nyuma. "Baba, siti imelowa," alisema. Alikuwa hali chakula vizuri. Mikono yake ilikuwa imekonda, na mimi niliiona, nikaangalia pembeni.

Siku ya tisa, pale njia panda, mtu aligonga kioo cha upande wangu. Mama wa Kimaasai, ndoo ya maziwa kichwani. Nilikuwa namfahamu tangu tulipokaa kule. Nasinkoi.

"Usimfungulie," alinong'ona.

"Ni mwanangu, mama."

"Mimi nililetwa hapa nimeolewa, msichana mdogo. Nilimkuta huyu tayari yupo. Mtoto wako alikuwa hajazaliwa. Wewe mwenyewe ulikuwa hujaoa." Akatazama giza la ukingoni, akateremsha sauti zaidi. "Mimi ananiita yeyo, mama kwa Kimaasai. Analia kwa sauti ya mwanangu Lenku niliyemzika. Miaka yote hiyo analia, na mimi sijamfungulia geti la boma hata siku moja. Unafikiri ni rahisi?"

Nyuma yangu mlango ukafungwa.

"Tate, twende."

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona Nasinkoi amejishika mdomo.

Siku ya kumi Tatu alinisubiri mlangoni. "Mwaija ana joto. Usiende popote na gari leo."

Niliingia ndani. Nikamgusa paji la uso. Ndiyo, alikuwa na joto. Nakiri mbele ya Mungu kwamba niliigusa homa ile kwa mkono wangu huu. Lakini jana yake tulikuwa tumefika kwenye geti la hospitali. Geti! Zilibaki hatua ishirini tu.

"Narudi sasa hivi," nikasema.

"Sabiri." Hakuwahi kuniita kwa jina tangu tupate watoto. "Sabiri, nakuomba."

Nilikwenda.

Sijawahi kuendesha vile, wala sijui niliwezaje kubaki barabarani. Tulivuka daraja, tukapita soko, tukaingia geti la hospitali, na pumzi bado zipo nyuma yangu, nzito, zenye afya. Nilisimama mbele ya mlango wa wodi. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikanyoosha mikono nimpokee.

Hapakuwa na mtu wa kupokea.

Nikasikia miguu inakimbia. Nikageuka. Alikuwa Stefania, peku, anahema, na mgongoni amefunga mtoto kwa kanga. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinayumba. Tatu alikuwa nyuma yao, alikuwa ameanguka njiani, magoti yanatoka damu. Walikuwa wamekimbia kwa miguu toka Kwamndolwa.

Stefania alipita na Mwaija bila kunitazama. Tatu alisimama. Akatazama gari. Akatazama mikono yangu, ilikuwa bado imenyooka hewani.

"Ulikuwa umembeba nani?"

"Shamsia," nikasema.

Akaingiza kichwa ndani ya gari. Akanusa. Niliona uso wake ukilegea, kwa muda mfupi sana, kama mtu aliyeitwa na anayempenda. Kisha akakaza meno.

"Shamsia nilimwosha mimi," alisema. "Kwa mikono hii. Nilimfumba macho mimi. Huyu si mwanangu."

Akaingia wodini.

Mwaija hakufa. Alikaa siku nne hajitambui, na alipozinduka homa ilikuwa imeondoka na masikio yake yote mawili. Daktari alisema angeletwa mapema kidogo... hakumalizia. Tatu hakunigombeza. Alifungasha nguo, akamchukua mtoto wakaenda Hale kwa kaka yake, fundi wa mitambo ya umeme, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mimi nilibaki na gari. Sikwenda tena Sindeni, wala haikuhitajika. Siti ya nyuma haikukauka. Niliianika juani milango wazi, nikaisugua kwa sabuni, nikamleta shehe akaisomea. Kila nilipowasha gari, ile harufu ilikuwa imenitangulia. Nilikuwa nimemfikisha mlangoni, na tangu siku ile hakushuka.

Ukapita mwezi. Nikashindwa kuvumilia bila Mwaija. Nilichagua gauni zuri kwenye mitumba yangu, nikaendesha hadi Hale, saa nane mchana, jua kali. Nilijiambia, mchana haina neno.

Nilimkuta peke yake kwenye kigeti, anachora chini kwa kijiti. Hakusikia gari. Kivuli changu kilipomfikia akainua kichwa, akatabasamu. Nikapiga magoti, nikamkumbatia. Alikuwa mifupa mitupu.

Kisha akajitoa mikononi mwangu. Akatazama nyuma yangu, kwenye gari. Akasogea pembeni taratibu, akashika kigeti akakifungua, kama anavyofunzwa mtoto mwenye adabu kumpisha mgeni.

Akafuata kwa macho kitu kilichopita kati yetu kwenda ndani.

Ndani, Tatu alikuwa akiimba anapepeta mchele. Wimbo ukakatika.

"Nani huyo?" aliuliza. Halafu, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miaka mitatu, laini, yenye kuvunjika, "...Mama yupo huku, mwanangu. Ingia."

Nilikimbilia mlangoni. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niliugonga kwa ngumi, nikaita jina la mke wangu hadi majirani wakatoka.

Nyuma yangu gari lilikuwa limeachwa wazi. Upepo ulipita ndani yake ukanifikia. Lilinuka petroli na vumbi tu.