Tairi la Nne la Matata

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipopakia gunia la mwisho pale Kibombo, na mimi nilikuwa namgombeza mume wangu. Wanaonijua sokoni Kindu wanajua kwamba mdomo wa Hawa haupumziki. Nauza mchele. Mume wangu Bulaimu ndiye anayeendesha kamioneti yetu kuukuu, ile ambayo mlango wa upande wangu haufunguki kutoka ndani. Kitasa kilikatika zamani. Nikitaka kushuka, lazima Bulaimu azunguke anifungulie kwa nje. Naye akishuka huubamiza mlango wake pwaa, gari zima linatikisika, namtukana kidogo, anacheka. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Siku hiyo nilikuwa namgombeza kwa ajili ya matairi.

Mwanzo wake ni dukani kwa Kakule, yule Mnande kutoka Butembo anayeuza vipuri karibu na gare, kituo cha treni. Bulaimu alitaka matairi makubwa. Kakule, ambaye angeweza kunyamaza na kungoja kupokea pesa, akatikisa kichwa.

"Baba Zawadi, gari yako inatembea barabara kubwa tu. Kindu, Kibombo, Kibombo, Kindu. Haiingie porini. Hizi za sasa zinatosha."

"Malori yamechimba barabara," Bulaimu akasema. "Gari inalala na tumbo katikati, magurudumu yanapiga hewa. Wewe unakaa dukani, utajua nini?"

"Makubwa yatagusa bodi ukikata kona. Mulimani moteri italia. Na kompteri ya kilomita itakudanganya, utatembea sana, yeye atahesabu kidogo."

Mimi nilikuwa upande wa Kakule, na nikasema. Lakini Bulaimu akishaingiwa na kitu kichwani hakitoki. Siku chache baadaye alirudi nyumbani na matairi manne makubwa, kila moja na chuma chake, anatabasamu mpaka masikioni. Alikuwa ameyanunua kwa Waziri, ndugu wa marehemu Matata, yametolewa kwenye gari la marehemu.

Matata alikuwa dereva kama yeye, mwenye kamioneti ya aina ileile. Alikutwa njiani, upande wa Kibombo, amekaa kwenye usukani. Moteri baridi. Matairi mazima. Mwilini hana hata mkwaruzo. Walioenda kumchukua walisema ilibidi wamkunjue vidole kimoja kimoja ili auachie usukani.

"Matanga wameshaondoa?" nikamuuliza Bulaimu.

Kwetu mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaondolewe, wazee wakae, mjane na ndugu wapewe kila mtu haki yake. Kabla ya hapo kila kitu ni chake bado, hata kijiko chake cha kulia chakula.

"Wameondoa," akasema, huku akiangalia matairi.

Mimi situpi kitu. Matairi yetu ya zamani niliyatia nyuma, chini ya turubai. Yalibaki matatu, maana la nne alikuwa ameshamwachia Waziri kama nyongeza.

Basi, siku hiyo tukatoka Kibombo. Hatukuwa tumefika mbali, mvua ikashuka, tukasimamishwa kwenye bariera. Mvua ikinyesha magari hayaruhusiwi kupita mpaka barabara ikauke, la sivyo malori yanaigeuza shamba. Mlinzi alikuwa mtu mzima, beji ya Chama kifuani, hana haraka ya maisha.

"Sitwayen, mungoje," akasema, kama Chama kilivyotaka raia aitwe, akarudi kibandani.

Tukangoja. Kwenye nguzo ya bariera kulikuwa na mbuzi mweupe mwenye pembe moja, amefungwa kwa kamba, analoa. Nilimtazama mpaka nikamchoka. Mvua ilipokatika na mwanga kuanza kuwa wa manjano, yule mzee akainua mti uliofunga njia, tukapita.

Hapo ndipo niliposikia harufu.

"Baba Zawadi, unasikia?"

"Nini?"

"Kafuri."

Kafuri ile ya kumwekea maiti sandani. Bulaimu akavuta pua, akasema ni magunia. Magunia ya mchele yananuka kafuri tangu lini? Lakini alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, naye kwa kawaida huendesha kwa mmoja.

Matairi yalikuwa yanavuma chini yetu. Wuuu... wuuu... Msitu ukaanza kuwa mweusi pande zote mbili. Tulikwenda, tukakwenda, mpaka mgongo wangu ukauma. Nikasema sasa tutaona taa za Kindu. Kweli nikaona taa mbele.

Ilikuwa taa ya mafuta. Chini yake mti umelala barabarani. Kando, mbuzi mweupe mwenye pembe moja.

Mlinzi akaja na taa yake, akatumulika usoni.

"Munatoka wapi?"

"Kibombo," Bulaimu akajibu polepole. "Mzee, si umetufungulia sasa hivi?"

"Mimi? Tangu mvua inyeshe sijafungulia muntu."

Alisema bila mzaha. Akainua mti. Bulaimu akajaribu kucheka, akaniambia, "Kompteri njo hii, ni yenyewe. Kakule alisema itadanganya." Kompteri inaweza kudanganya hesabu, lakini haiwezi kunirudisha kwa mbuzi niliyemwacha nyuma.

Tukaenda tena. Safari hii alikanyaga mafuta kwa nguvu. Nikaanza kusoma moyoni dua nilizofundishwa utotoni, naona aibu kusema nilikuwa nazichanganya.

Taa tena.

Safari hii mlinzi hakuwepo. Mti ulikuwa umeinuliwa, taa imetundikwa juu yake, inayumba na upepo haupo. Mbuzi alikuwa amelala, au amekufa, sijui. Na gari likiwa linatembea, nikasikia mlio chini yangu.

Ko. Ko. Ko.

Kama mtu anayegonga tairi kwa fimbo asikie upepo wake.

"Simama," nikamwambia. Akasimama mbele kidogo ya bariera. "Sasa niambie kweli. Matanga ya Matata wameondoa?"

Bulaimu akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Bado," akanong'ona. "Waziri alisema hakuna neno. Mjane iko ndani ya eda, hatajua."

Ningempiga kofi. Nilitaka sana, na hofu ndiyo iliyonizuia.

"Shuka," nikasema. "Toa yote. Yaache hapahapa. Weka yetu."

Akachukua kriki ya kuinulia gari, akashuka, akabamiza mlango. Pwaa. Nikabaki ndani peke yangu. Upande wangu mlango usiofunguka na kioo kisichoshuka. Kati yangu na mlango wake, gunia la mchele na juu yake bidoni, dumu la mawese, mpaka kwenye dari. Nilichoweza kufanya ni kusikiliza.

Kriki ikalia. Gari likainuka upande mmoja. Tairi likaanguka barabarani, pu.

"Mama Zawadi, uko?"

"Niko."

La pili. Pu.

"Mama Zawadi, uko?"

"Niko. Fanya haraka."

La tatu. Pu. Hapo ndipo yetu yalipoishia. Nikamsikia akikaza nati za mwisho, akihema. Nikangoja aniulize kama niko.

Hakuuliza.

"Baba Zawadi?"

Kafuri ikajaa ndani mpaka macho yakanitoka machozi. Nikapapasa mlango pale kitasa kilipokuwa zamani, kana kwamba kitaota. Na nje ikaanza.

Ko. Tairi la mbele.

Ko. La nyuma, upande wa dereva.

Ikazunguka nyuma ya gari. Ikaja upande wangu. Ko. Kiganja kikawekwa kwenye kioo changu, cheupe, kimeloa, vidole vimejikunja kama vimeshika kitu cha mviringo. Nikaita, "Bulaimu, nifungulie." Nilimwita kwa jina, mimi ambaye simwiti kwa jina tangu tuzae. Kiganja kikaondoka.

Mlango wa dereva ukafunguka. Akaingia. Akaufunga taratibu, kwa mikono miwili, mpaka ukalia tik.

"Twende nyumbani," akasema.

Ilikuwa sura ya Bulaimu. Ilikuwa shati la Bulaimu, lina matope. Gari likaondoka likiegemea upande, matairi matatu yetu na la nne la Matata, na haikupita muda tukaingia Kindu, watu wakiwa bado wanatoka sala ya isha. Alizunguka, akanifungulia kwa upole. Nilishuka nikiwa nalia, nikajiambia ni furaha ya kufika.

Tangu siku hiyo hajabamiza mlango. Nimemtukana makusudi, nimemchokoza kwa yale maneno yanayomchekesha, ananitazama tu kama mgeni anayengoja kuonyeshwa mahali pa kukaa. Kila magharibi huchukua kijiti na kuyazungukia matairi. Ko. Ko. Ko. Ko. Mtoto wetu Zawadi hamwiti tena baba. Nilimgombeza mara moja kwa hilo, kisha nikaacha.

Nilikwenda kwa Mwavita, mjane wa Matata. Mwanamke kwa mwanamke, eda hainizuii kuingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, chumba kimefungwa madirisha. Nikamweleza ya Waziri, ya matairi, ya bariera. Ya kijiti sikumwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Anagonga matairi?"

Nikaangalia mkeka. Akaanza kulia bila sauti.

"Kila magharibi alikuwa anagonga kwanza, ndiyo anaingia. Njo nilikuwa najua amefika." Akajifuta. "Mumemurudishia matatu. Ya nne iko kwenu, njo marehemu anaishikilia. Mukono wa bwana yako uliolichukua njo ulirudishe, pale pale matatu ingine iko."

"Na mume wangu?"

"Sijui, dada. Mie niko ndani. Eda yangu inaisha Ijumaa. Tafazali, usimuambie huyo iko kwako."

Nilijaribu njia ya mkato. Nilimleta fundi afungue tairi lile Bulaimu akiwa amelala. Nati hazikusogea hata kidogo, na fundi aliondoka akijipangusa mikono, akilalamika kwamba inanuka dawa ya maiti.

Halafu leo Jumatano, Kakule akaniita dukani. Alikuwa ametoka Kibombo na lori lake, na amekasirika.

"Mama Zawadi, hii ni tabia gani? Kwa nini mumemuacha Baba Zawadi porini?"

"Umemwona wapi?"

"Pale mbele ya bariera. Amekaa juu ya matairi matatu, mikono mbele, hivi, kama anashika usukani. Amekonda. Nikamuambia panda, nikupeleke. Akasema hawezi kushuka, mulango haufunguke kwa ndani. Akasema, muambie Mama Zawadi aje anifungulie."

Kakule ni mtu wa misa, mambo haya huyaita ujinga wa watu wasio na kazi. Alikuwa bado anafoka alipotupa macho nje, nyuma ya bega langu. Kamioneti yetu ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Bulaimu alikuwa ndani, mikono miwili kwenye usukani, ananingoja. Kakule akafanya ishara ya msalaba, akafunga duka mchana kweupe, hakuniaga.

Jioni huyu aliye nyumbani kwangu alimaliza kula, akanawa, akaniuliza kwa sauti ileile ya upole:

"Eda inaisha lini?"

"Eda ya nani?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Ya muke wangu."

Nikainuka, nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Nampenda mume wangu. Nasema hivyo kwa sababu sijawahi kusema mbele ya watu, nilikuwa nasema tu kwamba ni mvivu na anabamiza milango. Kisha nikageuka.

"Kesho unipeleke Kibombo," nikamwambia. "Kuna mchele." Mchele haukuwepo; nilitaka gari lipite pale bariera, alipokaa Bulaimu.

"Kibombo ni sawa," akasema. "Kesho njo Alhamisi. Tukirudi itakuwa Ijumaa."

Sikumwambia mimi habari ya Ijumaa.

Zawadi nimempeleka kwa dada yangu, na nguo zake zote. Yule yuko nje sasa, namsikia na kijiti chake. Mlango wangu wa gari ameshaufungua tayari kwa ajili ya kesho, ameuacha wazi kabisa. Nimekwenda kupapasa kwa ndani. Kitasa bado hakuna.