Vichwa Vitano vya Mashine ya Majivu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, jiko la sebuleni lilisafishwa. Halikuwa la kupikia. Lilikuwa jiko refu jeusi lililochoma punje za mbao na kuipasha joto nyumba nzima. Kazi hiyo ilikuwa ya Loredana, mama yake Nives. Lakini Jumamosi moja ya Januari, Loredana aliitwa ghafla kwenye ghala la matofaa alikofanya kazi, kwani mwenzake alikuwa mgonjwa.

"Leo utasafisha wewe," alimwambia Nives huku akivaa buti. "Una miaka kumi na miwili sasa. Jiko limezimwa tangu jana, limeshapoa kabisa. Kichwa chembamba ni cha kule nyuma, brashi ni ya juu, bomba la chuma ni la kikombe, na ule mrija ... Nives, unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa," alijibu Nives, macho kwenye simu.

Mlango ulipofungwa, alileta mashine ya kufyonza majivu, pipa la bati lenye magurudumu, pamoja na sanduku la vichwa vyake vya kuchomeka kwenye mpira wa kufyonzea. Vilikuwa vitano. Kulikuwa na kipana kama kiganja, chembamba bapa, brashi ya mviringo, bomba la chuma lililokatwa mshazari, na mrija laini usiozidi unene wa kidole. Nives alivipanga sakafuni akavitazama. Nyuma ni wapi? Juu ya nini? Kikombe kipi? Alichokijua yeye ni kikombe cha kahawa.

"Unajua unachofanya?" aliuliza Bibi Gemma, aliyejifunika blanketi kwenye kiti chake. Mapafu yake yalikuwa hayajapona sawasawa tangu alipougua mnamo Novemba.

"Najua, Bibi."

"Haya. Mimi nilizoea kuni na koleo tu. Madude hayo yananichanganya."

Nives alitaka kusema kwamba hata yeye yanamchanganya, lakini aliona haya. Alichomeka kile kichwa kipana, akafyonza majivu yote aliyoweza kuyaona, akafuta kioo cha mlango mpaka kikang'aa. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Punje zilidondoka, moto ukashika. Lakini ulikuwa moto mvivu, wa manjano iliyofifia, uliolamba kioo na kukitia weusi. Harufu ya moshi ikaanza kusambaa. Jiko likalia mara tatu, likaonyesha namba asiyoijua, likazimika. Nives alibaki ameduwaa. Si amesafisha? Au amebonyeza vibaya? Akawasha tena.

Safari hii moshi ulitoka waziwazi. Bibi Gemma akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashindwa kusema. Nives alikata umeme wa jiko, akafungua madirisha yote, baridi kali ikaingia. Alimshika bibi yake mkono, akamsogeza hadi dirishani, akamwongezea blanketi. Kisha akavuka barabara mbio, miguuni ana ndara, hadi kwa Tarcisio, fundi wa majiko.

Mzee huyo alikuja na tochi. Kwanza alihakikisha kwamba Bibi Gemma anapumua vizuri, ndipo akachuchumaa mbele ya jiko.

"Limesafishwa?"

"Ndiyo."

"Kwa kichwa kipi?"

"Vyote," alisema Nives haraka.

Tarcisio aliuokota ule mrija. Ulikuwa safi, hauna hata chembe ya majivu. Aliupitisha kati ya vidole vyake, taratibu.

Uso wa Nives ukawaka. "Sikuutumia," alisema kwa sauti ndogo. "Nimetumia kimoja tu. Vingine sijui hata ni vya nini."

"Ahaa! Sasa tunaweza kuanza kazi," alisema Tarcisio. "Usiangalie sanduku kwanza, binti. Angalia jiko. Majivu yako wapi?"

Alimulika ndani. Kumbe kikombe kilikuwa kile kibakuli cha chuma ambamo punje huungulia. Matundu ya chini yake yalikuwa yamezibwa na majivu magumu. Nives akachukua brashi.

"Inaingia humo?" aliuliza Tarcisio.

"Haiingii."

"Basi?"

Akajaribu kile chembamba bapa. Nacho kiligoma. Hatimaye alikwangua matundu kwa bisibisi aliyopewa na Tarcisio, kisha bomba la chuma likanyonya mabaki yote. Kile chembamba kilifika nyuma ya droo ya majivu, na brashi ikasugua mabomba ya juu yanayopitisha joto. Mwisho, Tarcisio alifungua kifuniko kidogo chini, penye njia ya moshi, na Nives akauingiza mrija. Majivu laini kama unga yakavutwa kwa muda mrefu mno.

"Nyumba nzima hupumulia hapa," alisema Tarcisio. "Njia hii ikiziba, moshi hurudi ndani."

Mama yake alirudi saa saba mchana. Madirisha yalikuwa yamefungwa, moto ulikuwa mweupe na wenye nguvu, na Bibi Gemma alikuwa akinywa supu. Nives alimweleza yote, hata ule uongo kuhusu vichwa vyote.

Loredana alivua buti, akaketi karibu naye. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilikumwagia maneno huku nafunga kamba za buti. Lakini sikiliza, mwanangu. Kutoelewa si aibu, hata mimi nilifundishwa mara tatu. Ukisema umeelewa wakati hujaelewa, unamwondoa mtu ambaye angekusaidia. Halafu moshi haujali kama uliona haya. Ulienda moja kwa moja kwenye kifua cha bibi yako."

Nives aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Kisha akajifuta, akaokota ile brashi ya mviringo na kuigeuzageuza.

"Mama," alisema, "yale mabomba ya juu bado sijayaelewa. Nionyeshe tena, polepole."