Simiti Uani kwa Nasimiyu

Jua lilikuwa linazama upande wa Uganda. Nasimiyu alimwaga ndoo ya maji uani. Alipoleta ya pili, simiti ilikuwa imeshakauka.

"Unamwagilia mawe, dada?" Orwa alimtania. Orwa alikuwa dereva wa lori. Foleni ya malori mpakani Malaba ikiwa ndefu, alikuwa akikodi chumba kwa Nasimiyu. Leo alikuwa amebeba mkeka. "Naenda kulala chini ya lori. Hapa kwako si nyumba, ni oveni."

Nasimiyu alicheka, lakini moyo wake haukucheka. Mlangoni, mama mkwe wake, Asekenye, alikuwa anafunga nguo kwenye leso.

"Kesho naenda Khunyangu kwa binti yangu," alisema Asekenye.

"Mama! Utalala kwa mkwe wako? Watu watasema nini?"

"Waseme. Wao hawalali chini ya bati hili. Jana nilianguka bafuni kwa kizunguzungu cha joto."

Mume wa Nasimiyu, Emorut, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Asekenye alicheka kama mwanawe, kwa pua kwanza, kisha kwa mdomo. Kama angeenda, kicheko hicho nacho kingeondoka.

Alimwita Amuron, mhudumu wa afya wa mtaa. Amuron alimpima Asekenye presha, akampa maji anywe polepole.

"Presha iko sawa," alisema. "Ni joto. Mama, kunywa maji hata kabla ya kusikia kiu. Ukianza kuchanganyikiwa, upelekwe hospitali haraka."

"Lakini joto liko kila mahali," alisema Nasimiyu.

"Kwangu nje ya mji, saa hii watoto wamevaa sweta."

"Wacha uongo!" alisema Asekenye.

"Haya, si sweta. Lakini hawatoki jasho. Jua ni moja. Nasimiyu, vua ndala."

Nasimiyu alikanyaga simiti, akaruka. Kisha Amuron akampeleka nyuma ya choo, palipobaki nyasi kidogo. Pale udongo ulikuwa baridi.

"Umeona? Simiti, lami na bati hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitoa jioni. Majani hutoa unyevu, na kivuli huzuia jua lisifike chini. Mji ukijengwa ukuta kwa ukuta bila miti, upepo nao hukosa njia. Pale katikati ya ua hapakuwa na mparachichi?"

"Ulikuwepo. Emorut aliupanda." Nasimiyu alitazama chini. "Wiki ya matanga kuni ziliisha. Tukaukata tupikie waombolezaji. Siku ya maombi ya ukumbusho mvua ilikuwa imenyesha, watu wakakanyaga tope. Nikaona aibu. Ndiyo nikamwaga simiti ua mzima. Nilitaka wageni wake wasichafuke."

Amuron alimshika mkono. "Wageni wake uliwaheshimu. Sasa mpe mama yake kivuli."

Asekenye alisikia. "Nitangoja kidogo," alisema. Lakini furushi la nguo hakulifungua. Aliliweka juu ya kabati.

Kesho yake Orwa aliazima nyundo kubwa. "Kumbe chumba hiki unakilipia kwa jasho mara mbili!" alilalamika huku akivunja. Waliacha njia nyembamba ya simiti ya kupitia wakati wa tope. Kwingine walirudisha udongo, wakapanda nyasi. Walipaka bati rangi nyeupe, na chini yake wakaweka dari ya mikeka ya mafunjo. Ukutani walitoboa matundu juu, pande mbili zinazotazamana, upepo uingie na kutoka. Mbele ya mlango wa Asekenye walisimamisha nguzo na kupanda mkarakara utambae juu yake. Katikati, pale pale pa zamani, Nasimiyu alipanda mche wa parachichi.

Wiki ile ile chumba kilipungua joto. Mkarakara ulichukua miezi. Mche ulikuwa bado mfupi kuliko kigoda, lakini Orwa aliacha kulala chini ya lori.

Jioni moja Nasimiyu aliona leso ya Asekenye imeanikwa kambani, imefuliwa. Alichungulia chumbani. Juu ya kabati hapakuwa na kitu.

"Na Khunyangu, Mama?"

Asekenye alikuwa kivulini, anachambua mboga.

"Nitaenda Krismasi, nirudi siku hiyo hiyo. Nilale kwa mkwe? Mimi nina adabu."

Akacheka, kwa pua kwanza.