Jotham Aliposwa na Bahari

"Kama ni mwanamke, nitajie jina lake!"

Jotham hakuinua macho. Mvua ilikuwa inapiga bati la duka la ushonaji la Atuganile, pale Bulyaga. Ukutani lilining'inia gauni lake mwenyewe la harusi, bado halijatiwa mikono. Ndoa ilikuwa Jumamosi.

"Hakuna mwanamke, Atu."

"Basi unayemwandikia kila siku ni nani? 'Nishike kiuno unipeleke, nisiujue mlango wa kurudi.' Jana uliyasoma redioni maneno hayo, wateja wangu wakanitazama kwa huruma!"

"Ni bahari. Ni shairi tu."

"Bahari umeiona wapi wewe, mtoto wa milimani Mpuguso?"

Kabla hajajibu, simu yake ikaita mezani. Namba ngeni. Alinyoosha mkono, lakini Atuganile alishaiwahi.

"Halo?"

"Mwambie Jotham meli inang'oa nanga Jumamosi alfajiri," ilisema sauti nzito ya mwanaume. "Ijumaa asipofika bandarini, nafasi yake anapewa mwingine."

Ikakatika. Atuganile akaibamiza simu mezani.

"Ulitaka niingie kanisani peke yangu, Jotham?"

"Ningekuambia."

"Lini? Mchungaji akishauliza bwana harusi yuko wapi?"

"Atu, nakupenda, Mungu ananiona. Lakini nikilala naisikia bahari. Nikiamka nikaona migomba, nahisi naozea hapa."

"Twende ukamwambie mama yako. Leo hii."

Mama Esnath walimkuta jikoni anamenya ndizi. Jotham alisema yote kichwa kikiwa chini. Mama akaweka kisu pembeni, taratibu.

"Ugwe, wewe Jotham, baba yako alianza hivi hivi. Nyimbo za bahari, jembe mkononi. Akaniaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Nimemngoja mpaka mvi zimeniota, na hata kaburi la kulifagia sina."

"Mimi nitarudi, mama."

"Usiniahidi!"

Alimgeukia Atuganile, akamshika mikono.

"Mwanangu, nilikutaka uwe mkwe wangu. Lakini usimngoje mtu huyu. Wazee wa posa nitazungumza nao mwenyewe."

Atuganile akavua pete ya uchumba, akaiweka kando ya ndizi.

"Nenda, Jotham. Nikikuzuia, utanichukia maisha yetu yote."

Alhamisi Jotham alipanda basi. Hakuna aliyemsindikiza.

Wiki zikapita kimya. Siku moja Atuganile alikuwa Mpuguso, akimsaidia mama Esnath kuchuma chai, ujumbe ukaingia:

"Atu, bahari sivyo nilivyoiandika. Tunavua samaki usiku na mchana. Juzi wimbi limemchukua mwenzetu. Meli haikusimama."

Hajamaliza kusoma, simu ikaita. Upepo ulivuma sikioni mwake kama mnyama.

"Atu? Tumesogea karibu na nchi kavu, nimepata mtandao. Naogopa."

"Shuka hapo hapo! Rudi nyumbani!"

"Pasipoti yangu wanayo wao. Nahodha hataki mtu ashuke. Nikitoroka, nikafika huko, utanipokea?"

Atuganile alimtazama mama Esnath. Alikuwa amesimama katikati ya michai, kikapu mgongoni, anaogopa kuuliza.

"Rudi kwa mama yako. Mimi sikungoji, Jotham."

Ghafla kikasikika kishindo, na watu wakipiga kelele kwa lugha asiyoijua.

"Jotham? Jotham!"

Ikakatika. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Ni yeye?" aliuliza mama Esnath.

"Ni yeye, mama."

"Amesemaje?"

"Anataka kurudi."

Mama Esnath akaketi chini kwenye tope, akajifunika uso kwa khanga, akatoa kilio alichokibana tangu mumewe aondoke. Atuganile akaketi ubavuni mwake, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliendelea kupiga.